Sanduku Lisilopitisha Mwanga

Nilipokuwa na miaka sita Baba alikuwa akinifungia ndani ya sanduku la bati. Usishtuke. Ilikuwa kazi, na niliipenda. Baba hutengeneza yale masanduku ambayo wanafunzi hubeba kwenda shule za bweni, na kibanda chake kiko Shauri Moyo, kwenye mstari wa mafundi wa bati ambapo nyundo hulia tangu asubuhi mpaka jua lipoe. Kila alipomaliza sanduku kubwa aliniingiza ndani, akashusha kifuniko huku akikishikilia kwa mkono, akaniuliza kutoka nje, "Mama, unaona mwanga?" Ananiita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Nikisema sioni, nilitolewa na kupewa mandazi. Nikisema naona, hata kama ni nukta moja tu kwenye kona, sanduku lilirudi mezani na pembe ikapigwa upya. Kwa Baba, sanduku lenye tundu si sanduku, ni chujio.

Sasa nina miaka ishirini na tisa na siingii tena ndani ya sanduku lolote. Baba naye hasikii vizuri. Kelele za nyundo za miaka yote hiyo zimemla masikio, na ukitaka kumwambia jambo unamsogelea upande wa kushoto, au unatumia mikono kama tulivyozoea pale kibandani. Mimi hukunja bati pamoja naye, lakini nina ugonjwa wangu mwingine, nao ni gemu. Nimecheza tangu darasa la saba, kwenye vile vyumba vya gemu vya mtaa wa Ziwani ambako vijana walikuwa wakiniambia nisogee nisiwazibie skrini. Sikusogea. Nikaanza kucheza, nikaanza kufungua mashine zilizokufa, nikaanza kuzifufua. Watu wakaanza kuniletea kompyuta zao nyumbani, nikawa nazitengenezea kitandani. Umewahi kulalia bisibisi? Kama hujawahi, basi huwezi kujua kwa nini nilikitaka kibanda.

Nusu ya kushoto ya kibanda cha Baba ilikuwa tupu. Fundi aliyekuwa mwenzake alirudi mashambani, akaacha meza moja na misumari ya kutundikia vitu. Niliitaka nusu ile. Nilitaka niunde kompyuta za gemu pale, mchana kweupe, kwenye meza, kama mtu mwenye kazi. Kaka yangu, ambaye ni kifungua mimba na hasahau kutukumbusha, alikuwa na mpango wake: alitaka kumweka rafiki yake anayeuza viatu vya mitumba. "Gemu ni ya watoto," aliniambia. "Wewe ni mtu mzima. Kwani utaolewa na kompyuta?"

Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Nina mdomo, najijua.

Baba ndiye aliyetukata maneno. Kwenye mstari wetu hakuna anayepewa nafasi kwa kuongea vizuri. Unatengeneza sanduku lako la kwanza, na Jumamosi saa sita mwenye nafasi analikagua mbele ya mafundi wote. Anasimama juu yake, lisibonyee. Analitikisa, na kitu chochote kikicheza ndani umeanguka. Mwisho anatafuta mwanga. Ndivyo Baba mwenyewe alivyoipata nafasi yake, na ndivyo kila mtu alivyoipata.

"Kama hiyo kompyuta yako ni kazi," alisema kwa sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia, "basi nayo ina sanduku. Tengeneza, kwa bati. Jumamosi ijayo saa sita iwake hapa, icheze mchezo mmoja mwanzo hadi mwisho. Ikizima njiani, kaka yako alete viatu vyake."

Kaka akacheka. Mimi nikachukua chaki nikaanza kupima bati hapo hapo.

Mfupa wa sanduku ulinichukua siku mbili. Nililikunja, nikapiga ribiti, nikapaka rangi nyeusi. Baba akasimama juu yake likiwa tupu, akaruka kidogo kwa kunichokoza. Halikubonyea. Kazi ya bati naijua. Kilichonitia kiwewe ni matumbo yake.

Matumbo niliyafuata Isli, kwa mama mmoja wa Kisomali anayeuza vipuri vya kompyuta vilivyotumika, ghorofa ya pili, katika duka ambalo upana wake ni upana wa mlango wake. Nilikuwa nimezoea kufufua mashine za watu, na hilo ni tofauti kabisa na kuunda mpya kutoka mwanzo. Niliingia nikitaja majina niliyoyaokota kwenye video. Akaninyamazisha kwa kidole.

"Wataka kucheza nini?"

"Mpira. Na mbio za magari."

"Basi anza hapo. Wallahi, watu huja hapa wakitaka kipuri kikubwa kuliko vyote, na hawajui watacheza nini."

Akavipanga mezani kimoja kimoja, na mpaka leo mtu akija kuniuliza namwambia vilevile alivyoniambia. Prosesa ndiyo inayofikiri. Kadi ya picha ndiyo inayochora. Ukinunua mchoraji hodari ukampa mwenye kufikiri mvivu, mchoraji atakaa akingoja aambiwe achore nini, na pesa zako zitakuwa zimekaa naye. Ile bodi kubwa ambayo vyote hukaa juu yake ndiyo mazabodi, na prosesa ina kiti chake pale, lakini si kila prosesa hukaa katika kila kiti, kwa hiyo uliza kabla hujanunua. Na usisukume. Ikiwa ni kiti chake, inakaa yenyewe. Ram ni mahali ambapo mashine huweka kazi inayoifanya sasa hivi. Bora vijiti viwili vinavyofanana kuliko kimoja kikubwa. Juu ya prosesa unatia dawa ya kupoza, nyeupe kama dawa ya meno, tone la ukubwa wa punje ya ndengu, siyo zaidi, kisha unafunga feni yake.

"Na pawa saplai, ya kugawa umeme?" nikauliza. Nilikuwa nimeona moja ya bei poa kwenye rafu.

"Hiyo usiniulize ya bei poa," akasema. "Ya bei poa ikifa haifi peke yake. Inaondoka na wenzake."

Aliniambia pia niguse chuma kabla ya kushika kipuri chochote, maana mwili hubeba umeme mdogo ambao wewe huusikii lakini bodi inausikia. Akaniambia hewa baridi iingie mbele na ya moto itoke nyuma. Waya wa skrini uchomeke kwenye kadi ya picha, siyo kwenye bodi, la sivyo utarudi dukani ukilia kwamba umeuziwa kadi mbovu. "Na kabla ya kuiweka ndani ya sanduku, iwashe nje kwanza, juu ya katoni yake." Mwisho akanipa kifuko cha nailoni chenye vijiguu tisa vya shaba, vidogo kama punje za mahindi. "Bodi isimame juu ya hivi." Kabla sijauliza kwa nini, mteja mwingine alikuwa ameshaingia, na kwenye duka lile wawili hamtoshi.

Alhamisi asubuhi niliiwasha juu ya katoni pale kibandani. Feni zikazunguka, skrini ikaleta maandishi, nami nikapiga ukelele mpaka fundi wa jirani akaja na nyundo akidhani nimeumia. Baba hakusikia ukelele, lakini aliona feni. Aliweka kiganja mbele yake, akauhisi upepo, akatikisa kichwa taratibu. Alikuwa hajawahi kuona sanduku lenye pumzi.

Nikafunga vijiguu kwenye bati, nikaiweka bodi juu yake, nikaenda kununua chai. Niliporudi nilimkuta Baba ameinama ndani ya sanduku langu na bisibisi mkononi.

Alikuwa amelitikisa. Ndiyo sheria, litikiswe. Akaona bodi imesimama juu ya vijiguu, hewa tupu chini yake, na kwa fundi wa masanduku hiyo ni aibu. Kitu kinachoelea ni kitu kitakacholegea. Basi alikuwa ameving'oa vyote, akailaza bodi juu ya bati na kuibana kwa bolti na nati kila pembe, sawasawa, kama anavyobana bawaba. Ilikuwa imelala pale bila hata nafasi ya kupitisha karatasi. Akanitazama, akatabasamu, akalitikisa sanduku kunionyesha. Halikutoa hata mlio.

Nilijua mama wa Isli alisema bodi isimame. Sikujua kwa nini, lakini nilijua alisema. Na nikanyamaza. Miezi mingi ilikuwa imepita tangu nimwone Baba akitabasamu kwa kazi ya mikono yake, na nilimpenda zaidi dakika ile kuliko nilivyoipenda kompyuta. Nikajiambia bati lina rangi, haidhuru. Nikajiambia mzee ana miaka arobaini kwenye bati, wewe una wiki moja.

Nilipobonyeza swichi feni zilishtuka mara moja, zikanyamaza. Nikabonyeza tena. Kimya. Kaka alikuwa amefika kupima mahali rafu za viatu zitakapokaa, na mkononi alikuwa na futi kabisa, mwenye bidii huyu.

"Imelala?" akauliza.

"Toka!"

"Usiniaibishie mgeni wangu Jumamosi. Nimeshamwambia aje na mzigo."

Nilitaka kulia, na nilipotaka kulia nikakasirika, na nilipokasirika nikatulia. Ndivyo nilivyo. Ijumaa asubuhi nilikuwa wa kwanza kwenye mstari. Nikatoa kila kitu, nikakirudisha juu ya katoni. Ikawaka. Nikakirudisha ndani ya bati. Ikafa. Nje hai, ndani maiti. Nikaketi chini nikaigeuza bodi, nikautazama mgongo wake kwa mara ya kwanza. Umejaa vinundu vya risasi ya kulehemu, mamia, vikali ukivipitisha kidole. Na pale kwenye bati, pale ambapo Baba alikuwa amebana kwa nguvu zake zote, vinundu vile vilikuwa vimekwaruza rangi hadi kwenye chuma cheupe.

Haki ya Mungu, niliona haya peke yangu. Bati linapitisha umeme. Mtoto wa darasa la sita anajua. Tulikuwa tumeilaza bodi yote ile juu ya bati, umeme ukapata njia ya mkato kila mahali, na ile pawa saplai ya bei ghali ikajizima ili isiunguze kitu. Ingekuwa ile ya bei poa, hadithi ingeishia hapa.

Baba alipofika ilibidi nimwambie, na lilikuwa jambo gumu kuliko kuunda. Kupiga kelele sikioni mwake sikutaka, maana mstari mzima ungesikia. Nikamwonyesha mikwaruzo. Nikaweka viganja vyangu viwili pamoja, kimoja juu ya kingine, nikatikisa kichwa: hapana. Nikavitenganisha kidogo, nafasi ya kidole kati yake: hivi. Alitazama mikono yangu, akatazama bati, akapitisha kidole kwenye mkwaruzo mmoja, kisha mwingine.

Akaenda kwenye kopo la vyuma chakavu, akalimwaga lote chini, akapiga magoti na kuanza kutafuta. Alivirudisha vijiguu vyote tisa kwenye kiganja chake. Baba haombi msamaha kwa mdomo. Alinishikia tochi nilipokuwa nikivifunga.

Mashine ikawaka ndani ya sanduku, kifuniko kikiwa wazi. Hapo nikadhani tumeelewana, nikajitia ujasiri wa kuomba jambo la pili. Nikachukua chaki, nikachora duara dogo mbele na jingine nyuma ya sanduku, nikamwonyesha kwa kidole: matundu, hewa ipite.

"MATUNDU?" Mstari mzima uligeuka. "Sanduku la kwanza lenye matundu? Mbele ya watu? Mama, unataka nikazikwe nikiwa hai?"

Nikampigia kelele sikioni kwamba inatoa joto. Akasema hata yeye anatoa joto na hajatobolewa. Mafundi wakaangua kicheko. Alinikubalia ufa mmoja tu nyuma, wa kupitisha waya, kwa sharti aupime mwenyewe. Nikafuta maduara yangu kwa kiganja. Nina kichwa kigumu, na nilikitoa kwake, kwa hiyo nilijua kinavyofanya kazi. Sawa, nikasema moyoni. Nitaipata nafasi hii kwa sheria zako hizo hizo, hata kama nitaipepea mashine kwa mdomo.

Jumamosi saa sita walikuwepo wote. Mafundi waliacha nyundo, na ukiishi Shauri Moyo utajua ukimya ule ni wa ajabu kiasi gani. Mwuza viatu alikuwa amesimama kando na marobota mawili. Baba akalitikisa sanduku: kimya. Nikaliwasha, nikashusha kifuniko. Ndani feni zina taa nyekundu na buluu, nami najua zilikuwa zikimeta, lakini Baba alilizunguka sanduku lote akiwa ameinama, jicho karibu na kila pembe na ule ufa uliojaa waya, na hakuona hata chembe.

"Hakuna mwanga," akatangaza. Alikuwa na furaha kweli.

Mchezo ulikuwa mpira, na nilimpa kaka kidude cha pili cha kuchezea. Alikishika kwa vidole viwili kama mtu aliyepewa panya. Dakika chache baadaye alikuwa ameketi ukingoni mwa debe, ulimi nje, akimlaani refa. Kipindi cha kwanza kikaisha bao moja kwa bao moja. Kipindi cha pili akafunga bao, akaruka, akamkumbatia mwuza viatu. Mimi sikuwa nikitazama mpira. Nilikuwa nikisikiliza feni, na sauti yake ilikuwa imepanda ikawa kama ya nyigu. Niliweka mkono juu ya kifuniko, nikauondoa upesi.

Skrini ikawa nyeusi.

"Ala!" kaka akapiga kelele. "Washa! Nilikuwa naongoza! Washa bwana!"

Halafu akakumbuka. Nilimwona akikumbuka. Akakiweka kidude chini, akajifuta mikono, akasema bila raha sana, "Basi. Imezima njiani. Baba ndiye aliyesema."

Hakuna aliyenitazama. Mwuza viatu aliinua robota moja. Nilisimama pale nikimtazama Baba, na nilikuwa na hasira naye ambayo sijawahi kuwa nayo. Ningetoboa lile bati jana. Ningelitoboa hata kwa meno.

Baba alikuwa ameweka kiganja chake juu ya sanduku, pale pale niliposhindwa kuweka wangu. Mikono yake ni ngozi tupu, haiungui upesi. Alikiacha pale muda mrefu. Kisha akafungua kifuniko, na joto likampiga usoni hata akafumba macho.

"Toa matumbo," akaniambia.

Nikatoa, kimoja kimoja, nikagusa chuma kwanza kama nilivyofundishwa. Baba alichukua chaki. Pale ambapo nilikuwa nimefuta maduara yangu bado palikuwa na alama hafifu, naye akapita juu yake bila kuuliza. Akatoa panchi yake, kile chuma kifupi chenye ncha anachokitumia kuanzishia tundu la ribiti, akainua nyundo. Mtu ambaye maisha yake yote alirudisha sanduku mezani kwa nukta moja, alianza kulipiga matundu mbele ya mstari mzima. Alipiga safu kwa safu, yamelingana, hakukosea hata moja. Mafundi walimhesabia kwa sauti mpaka wakachoka. Akageuza sanduku, akapiga nyuma.

"Lakini Baba," kaka akaanza, "sheria inasema..."

"Ati nini? Sisikii."

"NASEMA SHERIA!"

"Sisikii," Baba akasema, akaendelea kupiga.

Nikarudisha matumbo. Nikawasha. Kifuniko kikashuka, na taa nyekundu na buluu zikatoka kwenye kila tundu zikaangukia mikono ya Baba. Akaweka kiganja nyuma ya sanduku, akauhisi upepo wa moto ukitoka. Akakiweka mbele, akauhisi wa baridi ukiingia. Kisha akaniinamia, akaniuliza kwa sauti iliyosikika mpaka Gikomba, "Mama, unaona mwanga?"

"Naona, Baba," nikasema. Sikumpigia kelele, lakini alikuwa akitazama mdomo wangu.

Tukaucheza mchezo upya, mwanzo hadi mwisho. Kaka alinifunga mabao matatu kwa moja na mpaka leo anawasimulia watu, nami namwacha asimulie, maana yeye mwenyewe ndiye aliyemsaidia mwuza viatu kubeba marobota yake kuyarudisha. Baba hakutazama mabao. Kipenga cha mwisho kilipolia na skrini ikiwa bado inawaka, alipiga mstari wa chaki sakafuni, kutoka ukutani hadi mlangoni. Akasimama upande wake wa mstari. Panchi akaiweka upande wangu, juu ya meza.